Jina la biashara, ubia au kampuni: ipi inatufaa watu wawili?

Fundi_Sindano
Wakuu, habari zenu. Mimi na rafiki yangu tunataka kuanza kushona sare. Vyerehani na ufundi ni vyangu, yeye ana pesa ya kitambaa ila ameajiriwa kwingine, hatashinda kazini. Naona njia tatu: nisajili jina la biashara peke yangu yeye anikopeshe, tufanye ubia, au tufungue kampuni. Wenye uzoefu, ipi ina nafuu?

MamaHesabu
Kwa wepesi, jina la biashara halina mpinzani. Unasajili, unapata namba ya mlipakodi, unakata leseni, unaanza. Shida ni kwamba jina si mtu. Deni la biashara ni deni lako, na anayekudai akishinda kesi anaweza kufika hadi kwenye mali yako ya nyumbani.

Kampuni ina makaratasi hata mwaka ambao hamkuuza kitu: ritani za kodi, taarifa za mwaka kwa msajili, hesabu. Nimeona kampuni nyingi zimekufa kimyakimya huku faini zinaendelea kupanda.

Wakili_Mstaafu
Ubia ndio unaonitia hofu zaidi. Nchi nyingi zilizorithi sheria ya Uingereza bado zinafuata misingi ya ile ya ubia ya mwaka 1890: mmoja wenu akichukua kitambaa kwa mkopo kwa ajili ya biashara, mnadaiwa wote, na muuzaji anaweza kumkamua mwenye uwezo alipe deni zima, si nusu yake. Tena ubia hauhitaji hata karatasi. Mkiendesha biashara pamoja na kugawana faida, mahakama inaweza kuwahesabu wabia hata kama mlikuwa mnaitana marafiki tu. Kwa hiyo kama mwenzako anakukopesha, andikeni wazi kwamba ni mkopo, na mkopo huo utarudishwa lini.

Kuhusu kampuni, tafuta kesi ya Salomon. Aron Salomon alikuwa mtengeneza viatu London, akaiuzia kampuni yake mwenyewe biashara yake. Hisa zilikuwa 20,007, yeye akiwa na 20,001, mkewe na watoto watano hisa moja moja. Kampuni ikafilisika, wadai wakamgeukia yeye. Mwaka 1896 mahakama ya juu kabisa ikasema kampuni ni mtu mwingine, madeni yake si ya Salomon.

Bwana_Mizigo
Mkuu wangu, hiyo ni nzuri kwenye vitabu. Nenda na kampuni changa kuomba mkopo uone. Benki itakuwekea fomu ya udhamini binafsi, yaani kampuni ikishindwa unalipa wewe, mwenye jengo naye vilevile. Ukishasaini, ile kinga kwa hao wawili haipo tena. Inabaki kwa wauzaji wa jumla na kwa mteja atakayekushtaki. Swali langu kwa Fundi: nani hasa atakukopesha? Kama mteja analipa nusu kabla hujakata kitambaa, hatari yako ni ndogo, kampuni ya nini sasa hivi?

Fundi_Sindano
Hapo ndipo penye utata. Wateja wadogo wanatanguliza pesa. Lakini kuna shule inataka oda kubwa, inalipa baada ya kupokea mzigo, na wameniambia hawaingii mkataba na mtu binafsi.

MamaHesabu
Basi shule imeshakuamulia, ndugu yangu. Fungueni kampuni, ila msigawane hisa nusu kwa nusu kwa kuoneana haya. Mkibishana, hakuna wa kuamua. Na wewe unayeshinda kwenye cherehani ulipwe mshahara kwanza, faida ndiyo mgawane kwa hisa. Akaunti ya benki iwe ya saini mbili. Pesa ikishaingia humo ni ya kampuni, usichote ya matumizi ya nyumbani bila kuiandika.

Wakili_Mstaafu
Naongeza mawili. Kusajili jina la kampuni hakukupi haki ya alama ya biashara. Nembo mtakayoishona kwenye kola inasajiliwa kivyake. Pili, vyerehani. Andikeni kama umeiuzia kampuni, umeikodishia, au umevitoa kama malipo ya hisa zako. Msipoandika, siku kampuni ikifilisika mfilisi, yule anayekusanya mali za kampuni ili wadai walipwe, atavihesabu pamoja na mali nyingine, na wewe ndiye utakayehangaika kuthibitisha kwamba ni vyako. Weka risiti ulizonunulia.

Fundi_Sindano
Risiti za viwili ninazo. Cha tatu nilikinunua kwa mtu, ngoja nimtafute aniandikie.