Kibao cha alumini kinatoka na vitundu, na ua la katikati linabonyea: kosa ni mchanga, moto au umbo?

chungu_na_koleo

Wakuu, heshima kwenu. Naomba msaada wa kusoma kasoro kabla sijatengeneza kalibu nyingine, yaani umbo la kumiminia.

Kazi ni kibao cha ukutani cha alumini, sm 20 kwa 15, unene mm 6. Katikati kuna ua lililoinuka, kipenyo sm 4, kimo sm 3, limejaa, halina uwazi ndani. Kalibu ni ya mchanga laini, bentonaiti (udongo wa kushikamanisha mchanga) na maji. Kielelezo, yaani mfano wa kazi unaochapwa mchangani, ni cha mbao na ua linatazama juu. Malighafi ni pistoni na vipande vya rimu za gari. Chungu ni kipande cha bomba la chuma kilichochomelewa kitako. Moto ni gesi ya mtungi na kipulizo. Uji wa alumini unamiminwa ukiwa mwekundu unaong'aa, kipimajoto hakuna.

Uso wa juu una vitundu vya duara kama kichwa cha pini, ndani vinang'aa, na tupa ikipita vinazidi kufunuka. Ua limebonyea kileleni, na likikatwa kwa msumeno ndani ni kama sifongo lenye kuta zilizochongoka. Nilipoongeza maji kwenye mchanga, hali ikawa mbaya zaidi. Nianzie wapi?

mchanga_na_moto

Mkuu, umeeleza vizuri kiasi kwamba jibu liko kwenye maelezo yako. Hizo ni kasoro mbili, na dawa ya moja haiponyi nyingine.

Vitundu vya duara vyenye kuta laini ni gesi. Alumini iliyoyeyuka hubeba haidrojeni nyingi. Ikiganda, uwezo huo hushuka karibu mara 20, na haidrojeni iliyokosa mahali hujikusanya vipovu. Chanzo chake ni maji na mafuta: masizi na oili kwenye pistoni, unyevu wa malighafi, chungu ambacho hakikukaushwa, hata moto wenyewe, maana gesi ya mtungi ikiungua hutoa mvuke wa maji. Kadiri joto linavyopanda ndivyo uji unavyozidi kunywa. Alumini safi huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi; aloi (mchanganyiko wa metali) za pistoni na rimu zina silikoni, kwa hiyo huanza kulegea chini ya nyuzi 600. Ukiona wekundu unaong'aa mchana, umepitiliza mno. Kwa unene wa mm 6, mimina kati ya nyuzi 720 na 750. Tafuta kipimajoto cha waya aina ya K chenye ala ya kinga. Rangi ya alumini si ya kuaminiwa kabisa.

Sifongo la kuta zilizochongoka si gesi, ni njaa ya uji. Alumini ikiganda hupungua ujazo kwa takriban asilimia 6. Kibao chembamba huganda kwanza, ua nene linabaki na uji katikati bila njia ya kuongezewa, ndipo linapobonyea kileleni na kupasukapasuka ndani.

Pima uji kabla ya kumimina. Teka kidogo, tia kwenye kikombe cha chuma kilichopashwa moto, kiache kipoe polepole. Uso ukibonyea, uji hauna gesi nyingi. Ukivimba au ukitoa vipovu, usimimine kazi. Mimina vinoo, yaani vipande vya akiba, uanze upya. Kwa kweli malighafi chafu kama pistoni ziyeyushwe mara mbili: mara ya kwanza kuzigeuza vinoo, mara ya pili kwa ajili ya kazi, haraka, bila kuuacha uji motoni baada ya kufika joto lake. Wala usiukoroge ovyo. Utando wa juu ni kinga yake. Uondoe mara moja tu, dakika ya kumimina.

fundi_kielelezo

Nakubali yote hayo. Mimi niseme juu ya ua, kwa sababu hapo ndipo kazi ya sanaa inapoharibikia mara nyingi: mchongaji anafikiria uso, anasahau unene.

Kwanza geuza kielelezo. Uso wenye nakshi utazame chini, kwenye fremu ya chini ya mchanga, na mgongo uwe sawasawa na mstari ambapo fremu ya chini na ya juu hukutana. Takataka na vipovu hupanda, kwa hiyo vitaishia mgongoni ambako hakuna anayetazama.

Pili, toboa mgongo wa ua kwenye kielelezo mpaka ukuta ubaki mm 6 hadi 8. Pande za shimo hilo zipe mteremko wa nyuzi 3 hadi 5, la sivyo mchanga wa fremu ya juu utakatika unapoinua. Ukuta ukilingana na kibao, kila kitu kinaganda karibu pamoja na tatizo linakwisha lenyewe. Hii ndiyo dawa ninayoipendelea, na inapunguza uzito.

Kama lazima ua libaki limejaa, weka kisima cha kulishia, yaani tundu la uji wa akiba, mgongoni, juu yake moja kwa moja: kipenyo sm 5, kimo sm 6, na shingo ya sm 3 hivi. Kisima lazima kigande mwisho. Kikiwa chembamba kuliko ua, kitanyonya uji kutoka kwenye kazi badala ya kuilisha.

Njia ya uji nayo ina lake. Mrija wa kumiminia uwe mpana juu na mwembamba chini, tuseme mm 20 kushuka hadi 12, ili ujae muda wote usivute hewa. Ukishuka sm 10 uji unakuwa na kasi ya mita 1.4 hivi kwa sekunde. Ukiingia kwenye kalibu kwa kasi hiyo unajikunja na kumeza utando wake. Upunguze uwe chini ya mita 0.5: gawanya njia iwe na milango miwili ya kuingilia kwenye kibao, kila mmoja upana mm 35, unene mm 5. Kibao hiki kinajaa kwa sekunde 1 hadi 2 hivi. Usisite katikati ya kumimina. Ukikatisha, utaona mstari wa mshono usiofutika kwa tupa.

chungu_na_koleo

Shukrani sana. Maswali mawili: mchanga niurudishe kwenye kipimo gani? Na hii habari ya kutia dawa ya klorini ya bwawa la kuogelea ili kutoa gesi, inafaa?

mchanga_na_moto

Klorini hiyo usiiguse, mkuu. Inatoa hewa inayochoma mapafu na kula vyuma vyote vilivyo karibu. Uji safi unatokana na malighafi kavu na joto la kiasi.

Mchanga: kwa kilo 10 za mchanga mkavu, bentonaiti kilo 1 na maji mililita 350 hadi 400, basi. Changanya, funika usiku kucha, kisha chekecha. Fumbata konzi moja uivunje: ikatike kingo zikiwa kali, isiache tope kiganjani. Maji uliyoongeza yalikuwa yanageuka mvuke ndani ya kalibu, ndiyo maana hali ilizidi. Toboa matundu ya kupumulia kwa waya wa mm 2, kila baada ya sm 3, ukiishia sm 1 kabla ya kielelezo.

Chungu cha bomba nacho kibadilishwe. Alumini huyeyusha chuma polepole, na chuma kikifika karibu asilimia 1 huota sindano ndogo zinazofanya kazi ikatike kama biskuti. Isitoshe, ukuta wake unaliwa hadi siku moja kitako kitoke ukiwa umekishika kwa koleo. Nunua chungu cha grafaiti na udongo.

Rimu zikague: kwangua kwa tupa, dondoshea siki. Ikitoa povu upesi, huenda ni magnesi. Iweke kando, kwa sababu ikiwaka haizimwi kwa maji. Na kila kinachoingia kwenye uji, koleo, upawa, kipande cha kuongezea, kipashwe moto kwanza, kwani tone la maji likigeuka mvuke hutanuka takriban mara 1,700 na kurusha uji usoni. Simama juu ya mchanga mkavu, si juu ya saruji, ambayo hupasuka na kuruka uji ukiimwagikia.