MR2 ikishapata joto haiwaki, ikipoa inawaka kama kawaida

mukono_sw20
Wakuu habari za jioni. Nina Toyota MR2 ya 1991, toleo la SW20, injini 3S-GE isiyo na turbo. Asubuhi nikigusa ufunguo tu imeshawaka, shida ni ikishapata joto. Jumapili nilikuwa naenda Jinja, foleni ya Mukono imenikalisha karibu lisaa juani, nikasimama Namawojjolo kununua kuku wa kijiti, dakika kumi tu, kurudi napiga stata inazunguka vizuri ila injini haishiki. Vijana wa kuuza maji wakasukuma, wapi. Nikakaa pale nikamaliza kuku wote mpaka wa mama watoto, baada ya dakika arobaini ikawaka kama hakuna kilichotokea. Na haifanyi kila siku, wiki nzima inaweza kutulia. Nimeshabadilisha plagi na betri, fundi sasa anasema ninunue pampu ya petroli. Nisaidieni kabla hela haijaisha.

boda2rally
Petroli inachemka kwenye paipu ndugu yangu. Injini iko nyuma ya kiti chako, upepo haufiki, na huku kwetu tuko karibu mita 1,200 juu ya bahari kwa hiyo inageuka mvuke haraka. Mimi enzi za Datsun nilikuwa namwagia maji tu safari inaendelea.

mzee_wa_stata
Hata mimi nilikuwa nalia hivyohivyo na yangu kumbe ni nyaya, ikipata joto inasema tak moja basi. Umeme wa stata unapita kwenye swichi ya ufunguo, imezeeka, unafika kidogo. Niliweka rilei (swichi ya umeme) karibu na stata mpaka leo iko sawa. Ila ya kwako inazunguka, kwa hiyo hii si dawa yako, nimeandika kwa atakayepita hapa.

fundi_wa_jioni
boda2rally hiyo ilikuwa ya kabureta mzee. Hii ni injekta, pampu iko ndani ya tanki, petroli inakaa kwenye presha na inazunguka kurudi. Haimaanishi haiwezekani, ila usianze hapo.

Mukono, kosa ni moja, mafundi wote wameipima ikiwa baridi. Baridi haina ugonjwa, watapata nini? Siku ikigoma usiite mtu, usisukume. Piga stata huku unaangalia mshale wa RPM, ukilala kabisa bila hata kutikisika shuku upande wa moto wa plagi. Chomoa waya mmoja wa plagi, weka plagi ya akiba, igusishe kwenye chuma uone cheche. Cheche zipo? Ndiyo uende kwenye petroli: kwenye kiboksi kilichoandikwa DIAGNOSTIC unganisha +B na Fp, ufunguo ON, pampu inapaswa kuunguruma, maana Toyota za umri huo ukiweka ON tu pampu hailii mpaka upige stata. Na kama kuna harufu kali ya petroli, sensa ya joto la maji inaweza kuwa inaidanganya kompyuta kwamba injini ni baridi.

Cheche hazipo, kwenye kiboksi hichohicho unganisha TE1 na E1, ufunguo ON, uhesabu taa ya injini inavyopepesa. 14 ni upande wa ignita, kile kifaa kinachoendesha koili ya moto. 12 ni kwamba kompyuta haioni injini ikizunguka, na hiyo inatoka ndani ya distribyuta, kile kifaa kinachogawa moto kwa plagi.

mukono_sw20
Nimerudi. Imegoma jana Lugazi, safari hii nilikuwa nimebeba plagi na kipande cha waya kama mganga. Mshale umelala, cheche hakuna hata moja, taa ikapiga moja, ikanyamaza, ikapiga mbili. 12!

Leo asubuhi nikapima ile koili ndogo ya ndani ya distribyuta inayohisi mzunguko wa injini, kwenye soketi yake, ohm 176, nzima. Nikaazima draya ya saluni ya jirani nikaipulizia, namba ikaanza kupanda taratibu, halafu mita ikaandika OL, yaani waya umekatika ndani. Nikaacha ipoe, 176 ikarudi. Nilicheka peke yangu pale uani.

boda2rally
Haya nimeshindwa 😂 ila Datsun yangu ilikuwa inachemka kweli

fundi_wa_jioni
Safi sana ssebo. Ukipata distribyuta ya mtumba soko la Kisekka, Kampala, nenda na mita na hiyo draya, omba umeme kwa muuzaji, ipashe palepale kabla hujatoa hela. Na kabla hujachomoa ya zamani chora alama kwa msumari mahali ilipokaa usije ukapoteza taimingi, yaani wakati wa cheche.

mukono_sw20
Jirani anauliza draya yake inarudi lini