Bangi, ukoo au kipigo cha utotoni, nini hasa kinaleta kichaa?

Mwanaid_Tz: Wakuu naombeni mawazo. Mdogo wangu ana miaka 17, anavuta bangi karibu kila siku na sasa hivi anajifungia ndani anasema majirani wanamsengenya kupitia ukutani. Mjomba wetu aliwahi kulazwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, bibi anasema hii ni ya ukoo. Shangazi anasema ni kile kipigo alichokula kwa baba mdogo alikolelewa. Baba anasema bangi tu. Nani yuko sahihi?

Nesi_wa_Zamu: Pole sana dada. Wote wamegusa ukweli. Mzazi akiwa na skizofrenia (kichaa cha kusikia na kuamini vitu visivyokuwepo) mtoto ana hatari kama 10 kwa 100, mtu wa kawaida ni kama 1 kwa 100, na mjomba yuko mbali zaidi kwahiyo hatari inapungua. Halafu hata mapacha wa kufanana kabisa, mmoja akiugua mwenzake mara nyingi anabaki mzima, maana yake damu peke yake haitoshi. Kunyanyaswa utotoni nako kunaongeza hatari, tafiti zilizojumlishwa 2012 zilipata karibu mara tatu. Akili ya mtoto aliyeishi kwa hofu inazoea kuona adui kila mahali, sasa juu ya hapo ongeza bangi...

Kaka_Mkubwa: Mbona huku kwetu wazee wanavuta mpaka wanazeeka na wako fresh?

Nesi_wa_Zamu: Kweli kaka, wengi hawaugui. Ila Sweden waliwafuatilia vijana zaidi ya 45,000 walioingia jeshini, matokeo yakatoka 1987, waliokuwa wameshavuta zaidi ya mara 50 hatari yao ya skizofrenia ilikuwa mara sita ya wasiovuta. Na hiyo ni bangi ya zamani, skanka (bangi kali) ya leo ni kali zaidi. Utafiti wa Ulaya wa 2019, wanaovuta kila siku bangi kali hatari yao ya kupata kichaa ilikuwa karibu mara tano ya wasiovuta. Mzee aliyeanza na miaka 30 huwezi kumlinganisha na mtoto ambaye ubongo bado unakua na kwao kuna ugonjwa. Dada, ukoo na kipigo huwezi kuvirudisha nyuma, bangi ndiyo inayozuilika, ila usimpige wala kumfungia, atazidi kuwaogopa. Mpeleke hospitali ya wilaya wiki hii, kitengo cha afya ya akili, na umtaje mjomba na kipigo kwa daktari.

Mwanaid_Tz: Asante sana. Baba alitaka apelekwe kwa mganga kwanza, nitamwonyesha hii. Kesho naenda naye, shangazi kakubali kutusindikiza maana ndiye anayemsikiliza.