Nimechoka na ubishi wa Yijing wa watu wasioisoma

Wakuu, leo naandika kwa hasira. Kila kitabu hiki cha kale cha Wachina kikitajwa, kundi moja linapiga kelele "ramli hiyo, ushirikina!", jingine linajibu "acheni ushamba, ni falsafa tupu, hata kompyuta imetoka humo." Wote mnapotosha, tena kwa kujiamini.

Nianze na nyie wa falsafa tupu. Leibniz, mwanahisabati Mjerumani, alishaandika kuhusu hesabu za 0 na 1, hizo zinazotumiwa na kompyuta, mwaka 1679. Mchoro wa zile alama 64 za Yijing, kila moja ya mistari sita, mizima au iliyokatika, ulimfikia 1703, kutoka kwa padri Bouvet aliyekuwa Beijing. Alifurahi kuona vinafanana, basi. Na kwa nini mnaona haya kukiri kwamba watu walikitumia kupigia ramli? Zhu Xi, mwanafalsafa mkubwa wa karne ya 12, aliwakemea wenzake waliokwepa jambo hilohilo.

Sasa nyie wa ushirikina, nyie ndio mnaniudhi zaidi. Mnamjua Mu Jiang? Mama wa mtawala wa Lu, dola ya kale ya China, akafungiwa kasrini kwa kushiriki njama za kuvuruga nchi. Alipigiwa ramli, ikatoka alama ya Sui, yaani kufuata. Mwaguzi akamchangamkia: heri hiyo, utatoka upesi. Mama akakataa! Akasema heri ya alama hii ni ya mtu mwenye maadili, na yeye ametenda maovu, kwa hiyo haimhusu, atafia mlemle. Kweli akafia mle, mwaka 564 kabla ya Kristo, na kisa chake kimeandikwa katika Zuozhuan, kitabu cha kale cha historia ya China. Niambieni, mshirikina gani anakataa bahati aliyotabiriwa kwa sababu dhamiri inamsuta?

Hapo ndipo falsafa ilipoanzia, ndani ya ramli yenyewe, pale mtu alipoacha kuuliza "nitapata nini?" akajiuliza "nastahili?" Karne tatu baadaye mwanafalsafa Xunzi akasema anayeijua Yijing sawasawa hapigi ramli kabisa.

Mimi nimejaribu kwa njiti za kiberiti, 50. Moja unaiweka pembeni, 49 unazigawa mafungu mawili, unahesabu nne nne, unakusanya, unagawa tena. Mara tatu kwa kila mstari, mistari sita, jumla mara 18. Ukifika mstari wa nne hasira uliyokuja nayo imeshapoa, na swali lenyewe unaliona kwa jicho jingine. Sikuona jini wala mzimu.

Halafu hata hilo neno ramli mnalolitumia kama tusi! Ramli ya pwani yetu ina maumbo 16 ya mistari minne, witiri na shufwa, yaani moja au mbili. Nani kati yenu amewahi kukaa akayahesabu?

Anayetaka kubishana nami aje na alama moja tu kati ya zile 64, aseme inasema nini mstari kwa mstari. Asiye nayo apishe wengine.