Modeli ya paa la Kariakoo kumkumbuka msanifu Beda Amuli: vipimo na kazi yenyewe

Mwl_Pasua
Habari wakuu. Wanafunzi wa ufundi hapa Moshi wanaandaa meza ya maonyesho ya kumkumbuka marehemu Beda Amuli, msanifu wa Soko la Kariakoo. Mpaka sasa kuna picha na wasifu tu, na wasifu mtupu watu huupita. Lile paa ni miamvuli ya zege iliyopinduliwa, kila mmoja unashusha mvua katikati kupitia nguzo yake. Tunataka modeli ya mwamvuli mmoja, upande sm 40, unaopitisha maji kweli. Jaribio la kwanza, la manila, limejikunja kila kona. Tumekosea wapi? Na kwenye wasifu kipi kisikosekane?

Nguzo_ya_Kati
Mwalimu, tatizo si mkono, ni karatasi. Umbo lile ukilifuata kwa mshazari mmoja linabonyea, kwa mshazari wa pili linabinuka. Karatasi bapa haiwezi kufuata yote mawili. Lakini ndani yake mmejaa mistari iliyonyooka, ndiyo maana fundi anaweza kulifungia boksi la kumwagia zege kwa mbao za kawaida. Basi tumieni uzi.

Fremu ya nje ni mraba wa sm 40, fito za sm 1, ikae sawa kwa pima maji. Katikati simamisheni bomba la plastiki la nusu inchi, mdomo uwe sm 10 chini ya fremu. Kutoka katikati ya kila upande shusheni ubavu mmoja hadi kwenye bomba. Mtapata vyumba vinne, kila kimoja na pande mbili za mlalo na mbili za mteremko.

Kazi nyingi huharibikia kwenye alama. Upande wa mlalo una sm 20, kwa hiyo alama ni kila sm 2 kuanzia kona ya nje. Ubavu una sm 22.4, alama zake ni kila sm 2.24 kuanzia juu. Ukipima sm 2 kote, alama ya kumi inaishia sm 2.4 kabla ya bomba na nyuzi zinakwenda upogo. Alama ya 1 ya mlalo iungwe na ya 1 ya ubavu unaoukabili, ya 2 na ya 2, hadi nyuzi 9. Rudieni kwa jozi ya pili. Ni 18 kwa chumba, 72 kwa mwamvuli. Mkikaza mno, fremu itavutwa ndani.

DadaRamani
Ngozi yake: kitambaa chepesi cha pamba, mikanda ya sm 4, kilowekwe kwenye uji wa saruji, kilo 1 kwa nusu lita ya maji. Matabaka mawili, kisha funikeni kwa gunia lenye maji siku 7. Likikauka haraka kwa jua, nyufa zitatokea juu ya mbavu, pale mikanda inapokutana.

Maji yapimwe, yasimwagwe tu. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Modeli yenu ina mita za mraba 0.16, kwa hiyo lita 3.2 kwa kopo lenye matundu ni mvua ya mm 20.

Halafu zibeni bomba kwa majani. Mwamvuli ukijaa unabeba lita 4, yaani kilo 4 juu ya nguzo moja. Chukueni mwamvuli wa mfano wenye upande wa mita 10 na kina cha mita 1.5: ukiziba unabeba tani 37.5! Wanafunzi wakiona hilo wataelewa kwa nini mdomo wa bomba huwekewa chekecheo na kusafishwa kabla ya masika. Arusha, penye mijakaranda, maua peke yake yanatosha kuziba.

Mzee_Timazi
Kwenye wasifu: 1938 hadi 2016. Alisomea usanifu chuo cha Technion, Haifa, Israel, akarudi na kuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza Afrika Mashariki kuendesha ofisi yao ya usanifu, B.J. Amuli Architects. Soko lilijengwa kuanzia 1971, Mwalimu Nyerere akalifungua 1975. Liliungua Julai 2021, liandikeni hilo pia.

Umbo hilo la mwamvuli, msanifu Félix Candela alikuwa akilijenga Mexico tangu miaka ya 1950. Liandikwe, halimpunguzii Amuli kitu. Yeye aliligeuza kivuli cha soko, kama miti ambayo watu wetu huuzia chini yake, huku mvua ikishuka hadi kwenye matangi chini ya jengo. Hapo ndipo ninapomheshimu zaidi: paa, gata na tangi amevichora kama kitu kimoja.

Kwa hiyo msiishie kwenye bomba. Toboeni meza, chini wekeni ndoo ya plastiki inayoonyesha ndani, yenye alama za lita. Bomba lipite moja kwa moja bila kona; kwenye nusu inchi, kona moja inatosha kushika uchafu wa saruji siku ya kwanza.

Mwl_Pasua
Asanteni sana. Ubavu tulikuwa tumeugawa kwa sm 2. Kesho tunaufumua.