Wajukuu wa Bi Rukia (wanachama 38)

JUMANNE

[07:42] Shangazi Zuwena (Columbus): Assalaam aleikum ukoo. Jumatatu huku ni Siku ya Marais, watoto hawaendi skuli, na Ramadhani iko mlangoni. Tunaunganisha yote: vunja jungu mchana, kisha chemsha bongo ya watoto kuhusu marais wa Marekani. Unguja na Muscat mtaingia kwa video. Nataka majina ya watoto na nani anapika nini. LEO.

[07:43] Shangazi Zuwena: Ukumbi wanataka dola 150 kabla ya Alhamisi.

[12:20] Shangazi Zuwena: Waliosoma 31. Aliyejibu hakuna.

[12:58] Nasra: Waaleikum salaam shangazi. Mie sambusa. Maswali yawe mepesi lakini, mwaka jana Yakubu alilia.

[13:02] Shangazi Zuwena: Alilia kwa kuwa alisema meno ya Washington yalikuwa ya mbao. Hayakuwa ya mbao. Yalikuwa ya pembe, ya wanyama, na mengine ya watu.

[13:05] Ami Seif: Ya watu?? Na wenyewe wakabaki wanatafunia nini?

[13:09] Shangazi Zuwena: Daftari lake la 1784 limeandika meno 9 yaliyonunuliwa kwa watumwa. Hilo swali silitii, chakula hakitalika.

[13:10] Ami Seif: Darajani nimeuza kila kitu. Meno bado.

[13:10] Shangazi Zuwena: Seif ukumbi umelipa?

[13:14] Ami Seif: Swali la kwanza watoto! Marekani imekuwa na marais wangapi?

[13:15] Kaka Juma: 47

[13:15] Nasra: Watu 45. Cleveland ni wa 22 na wa 24, Trump wa 45 na wa 47. Namba nyingi kuliko watu.

[13:17] Kaka Juma: Kama Ami Seif kwenye pilau. Mtu mmoja, sahani mbili.

[13:18] Ami Seif: 😂😂 na zote nilichaguliwa

[13:31] Shangazi Zuwena: UKUMBI.

JUMATANO

[08:05] Shangazi Zuwena: Swali la 4 ni la sisi wa Ohio. Jimbo lililotoa marais wengi?

[08:20] Salim (Virginia): Virginia. Wanane.

[08:22] Shangazi Zuwena: Ohio nasi wanane.

[08:23] Salim (Virginia): Shangazi, waliozaliwa Ohio ni saba. Wa nane mnayemhesabu ni William Henry Harrison, na huyo kazaliwa kwetu, huko alihamia tu.

[08:24] Shangazi Zuwena: Mtu ni alipojenga.

[08:26] Kaka Juma: Harrison si ndiye yule wa hotuba ndefu ya kuapishwa?

[08:29] Salim (Virginia): Ndiye. Machi 1841, maneno 8,445, karibu saa mbili watu wamesimama nje na baridi. Mwezi mmoja tu akafariki.

[08:31] Nasra: Ami Seif kwenye nikaha yangu alimpita. Biriani ilipoa, kadhi akaaga.

[08:33] Ami Seif: Na mie bado mzima alhamdulillahi

[09:40] Shangazi Zuwena: Wanaolipa ukumbi mpaka sasa: mimi. Khalas.

[10:12] Kaka Juma: Tieni na Roosevelt basi, Theodore. Alishuka Mombasa Aprili 1909, ametoka tu madarakani, akapanda gari moshi kwenda bara kuwinda. Kiti chake kilikuwa mbele ya injini.

[10:13] Ami Seif: Ndiye waliyembatiza Bwana Tumbo!

[10:14] Kaka Juma: Jina likaja likakuta wenyewe hapa 😂

[10:40] Shangazi Zuwena: Swali la 9 nimelipenda mwenyewe, maana linatuhusu. 1840 Sayyid Said alipeleka meli yake Sultana New York, na mjumbe wake Ahmad bin Naaman ndani yake. Zawadi kwa rais: farasi wawili, lulu, upanga. Rais alikuwa Van Buren. Alifanya nini?

[10:52] Nasra: Alishukuru?

[10:55] Shangazi Zuwena: Alisema katiba haimruhusu kuzichukua yeye. Bunge lao likaamua: vinavyowekeka viwekwe serikalini, visivyowekeka viuzwe, pesa ziingie hazina. Lulu walibaki nazo.

[11:03] Mama Nasra: Rais mzima kaona lulu na hakutia mfukoni. Kuna watu sanduku la marehemu lilipita mikononi mwao mwaka ule, mpaka leo hata bangili moja hatujaiona.

[11:04] Nasra: Mama

[11:06] Ami Seif: Mnajua Lincoln alikuwa mpiga mieleka?

[11:07] Kaka Juma: Kumbe

[11:08] Ami Seif: Na urefu wake sentimita 193. Mfupi kabisa Madison, 163. Kama mimi.

[17:49] Khalati Asma (Muscat): Nimeamka kwa ajili ya daku la sunna nakuta haya. Mama Nasra, unamsema nani?

[17:51] Mama Nasra: Anayejijua.

[17:51] Khalati Asma (Muscat): Ujumbe huu umefutwa

[17:52] Khalati Asma (Muscat): Ujumbe huu umefutwa

[17:58] Shangazi Zuwena: Jamani marais. Nani anapika biriani?

[22:16] Babu Mwalimu (Unguja): Assalaam aleikum wanangu. Nimesali alfajiri ndio nimesoma. Sanduku la Bi Rukia liko kwangu, chini ya kitanda, tangu siku ya arubaini. Sijalifungua. Ufunguo sina. Anao aliyeufunga kwenye pindo la kanga yake siku ile, na nilimwona. Nawasalimu.

[22:40] Nasra: Waaleikum salaam babu. Shikamoo.

ALHAMISI

[07:15] Shangazi Zuwena: Ahsante baba. Haya. Ukumbi wamenisogezea mpaka Jumamosi, wamesema mara ya mwisho. Juma umetuma ngapi?

[09:48] Kaka Juma: 20. Nitaongeza nikipata mshahara.

[09:50] Ami Seif: Mie nitaleta spika

[09:51] Shangazi Zuwena: Spika hatuli.

[12:33] Salim (Virginia): Wangu wawili watashiriki. Lakini Harrison asihesabiwe Ohio.

[12:35] Nasra: Yakubu anauliza ile S ya Harry S. Truman ni ya jina gani?

[12:41] Salim (Virginia): Si ya jina lolote. Herufi tu.

[12:42] Nasra: Hakubali. Anasema lazima mtu anajua.

[12:50] Kaka Juma: Mbona Khalati Asma anaonekana anaandika tangu saa sita, anaacha, anaandika tena

[12:58] Shangazi Zuwena: Sufuria kubwa iko kwa nani?