Kadi za grafiki za mtumba: pesti na pedi abadilishe muuzaji au mnunuzi?

Ndugu wadau, najua hapa tutavutana. Mtu akinunua kadi ya grafiki ya mtumba Kampala, hasa RTX 3080 au 3090, gharama ya kubadilisha pesti (ile krimu inayopakwa juu ya chipu kuu) na pedi za kupitisha joto ni ya nani? Wauzaji wanaona ni ya mnunuzi. Mimi nasema ni ya muuzaji, tena kabla mteja hajatoa hela.

Tuanze na zilikotoka. Tarehe 15 Septemba 2022 sarafu ya kidijitali ya Ethereum iliacha kuchimbwa, yaani kuzalishwa kwa kupigishwa hesabu, kwa kadi za grafiki, na kadi nyingi zilizokuwa zikichimba usiku na mchana zikaingia sokoni duniani kote. Uchimbaji ule ulitesa memori kuliko chipu kuu. Memori ya kadi hizi, aina ya GDDR6X, ikikaribia nyuzi 110 kadi hujipunguzia kasi, na kinachoondoa joto hilo ni pedi laini iliyobanwa kati ya memori na bamba la kupoozea. Pedi ikikaa motoni miezi na miezi huvuja mafuta, ikakauka, ikaacha kugusa vizuri. Kwa 3090 ni balaa zaidi: nusu ya memori iko nyuma ya ubao, inategemea bamba la mgongoni. Ongeza vumbi letu. Ongeza pia kwamba Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na feni ileile inabeba joto pungufu.

Wapo wanaosema kisichoharibika kisifunguliwe. Hoja hiyo naiheshimu, kwa sababu nusu milimita inatosha kuharibu kazi: pedi ikizidi unene, bamba linainuka, chipu kuu haiguswi sawasawa, na kadi iliyokuwa nzima inarudi ikiwaka kuliko ilivyokwenda. Ndiyo maana sidai kila kadi ifunguliwe. Nadai kila kadi ipimwe mbele ya mteja. Iendeshwe kazi nzito dakika 20, HWiNFO, programu ya kusoma joto la kompyuta, ikiwa wazi kwenye skrini, na macho yawe kwenye joto la memori na kwenye pengo kati ya joto la kawaida la chipu na lile la sehemu yake yenye moto zaidi. Pengo la nyuzi 10 hadi 15, sina neno. Likivuka 20, mara nyingi pesti imekauka au imesukumwa pembeni, au bamba halikukazwa sawa. Memori ikifika 105, pedi ndizo za kushukiwa kwanza. Hapo bisibisi itoke, na muuzaji amlipe fundi.

Kinachoniudhi ni stika juu ya skrubu. “Ssebo, ukiigusa hiyo, waranti imekufa!” Marekani, mwaka 2018, tume ya biashara ya huko ilizionya kampuni 6 kwamba kutishia wateja kwa stika za namna hiyo kunagongana na sheria ya waranti ya 1975. Sheria hiyo haitufungi, kweli. Lakini sisi Uganda tuna sheria yetu ya uuzaji wa bidhaa na utoaji wa huduma, ya 2017, yenye masharti ya bidhaa kufaa kwa kazi yake. Sioni kwa nini kipande cha karatasi kiwe na nguvu kuliko hilo.

Gharama nayo isitupotezee muda. Pesti na pedi ni pesa ndogo mbele ya bei ya kadi, na anayeumia kadi ikizimika ni kijana anayehariri video za harusi ili alipe kodi ya chumba.

Wenye maduka, mkikataa kupima, semeni mteja anayelipa taslimu aamini nini. Na mafundi mliokwisha kufungua kadi hizi, andikeni unene wa pedi mlizozikuta pamoja na jina kamili la modeli, maana 3080 ya mtengenezaji mmoja haifanani na ya mwingine.